Je, Wajua? Ile Nusu Inayopotea Kati ya 30 na 31

Je, wajua kwamba Mwakirunge ni mojawapo ya wadi saba za Kisauni, na kwamba sensa ya 2019 ilihesabu watu 291,930 katika kaunti ndogo hiyo? Ukimtajia Mwakirunge mtu wa kisiwani, la kwanza kumjia ni jaa, kwa kuwa ndiko malori ya taka ya Mombasa yanakoelekea tangu lile la Kibarani lifungwe. Moshi na harufu vina waandishi wake. Sisi leo tuna hesabu.

Tuseme karani ana jedwali la malori yanayoingia jaani, kila mstari una lori na uzito wake kwa tani. Mkubwa wake hana haja na orodha ya nambari elfu. Ataka kujua madogo ni mangapi, ya kati mangapi, makubwa mangapi. Hifadhidata hujibu kwa mistari hii tu ya lugha ya SQL:

SELECT CASE
  WHEN uzito < 5 THEN 'dogo'
  WHEN uzito < 15 THEN 'la kati'
  ELSE 'kubwa'
END AS daraja, COUNT(*) AS idadi
FROM malori
GROUP BY daraja;

Je, wajua mstari huo wa mwisho hauendi kila mahali? Hifadhidata za PostgreSQL na MySQL huukubali. SQL Server huukataa, na itakubidi uiandike CASE nzima tena chini ya GROUP BY, neno kwa neno.

Je, wajua CASE husoma masharti kutoka juu kwenda chini na kukoma kwenye la kwanza lililotimia? Lori la tani 3 liko chini ya 5, na pia liko chini ya 15, lakini sharti la pili halifikii. Geuza mpangilio, utangulize lile la 15, na malori madogo yatafutika yote katika ripoti. Kompyuta haitalalamika. Jumla itakuwa sawasawa, nayo jumla iliyo sawa ndiyo inayomlaza mkaguzi usingizi.

Je, wajua lori lisilopimwa huandikwa "kubwa"? Uzito usiojulikana katika hifadhidata si sufuri. Ni NULL, yaani hakuna kitu. NULL haiko chini ya 5, haiko chini ya 15, haiko juu ya chochote. Kila sharti huipita kando mpaka inaangukia ELSE. Basi mizani ikiharibika asubuhi na malori yakapitishwa bila kupimwa, ripoti ya jioni itasema makubwa yameongezeka. Dawa yake ni sharti la kwanza kabisa liwe WHEN uzito IS NULL THEN 'halikupimwa'. Na ELSE nayo, mimi huiona kuwa mahali pa kuandika "angalia hapa", si mahali pa kutupia daraja la mwisho. Ukiiacha kabisa, kilichokosa kwao hupewa NULL kimyakimya.

Je, wajua Wakenya waliishi miaka na jedwali la madaraja lenye matundu? Ile bima ya taifa ya hospitali, NHIF, kuanzia 2015 iliwakata wafanyakazi kwa madaraja 17. Mshahara wa hadi 5,999 ulikatwa 150; wa 6,000 hadi 7,999 ulikatwa 300; wa 8,000 hadi 11,999 ukakatwa 400; na kuendelea hivyo mpaka 100,000 na zaidi, 1,700. Sasa niambie: aliyepata 5,999 na senti 50 yuko wapi? Mtu mwenye akili atasema mweke popote, tuendelee na kazi. Programu haina "popote". Ukiandika BETWEEN 0 AND 5999 na chini yake BETWEEN 6000 AND 7999, senti hizo 50 zinamtoa mtu katika madaraja yote 17.

BETWEEN, kwa taarifa yako, huchukua ncha zote mbili. Kwa hiyo ukitaka kuziba tundu kwa kuandika 0 hadi 6000 kisha 6000 hadi 8000, wa 6,000 kamili anatosha pande zote mbili. Waandishi wa maulizo wenye uzoefu huandika ncha ya chini iwemo na ya juu isiwemo: uzito >= 5 AND uzito < 15. Hakuna tundu, hakuna anayesimama penye mpaka mguu huku mguu huku, na desimali zije zitakavyo.

Je, wajua Katiba ya Kenya ya 2010 imeandikwa kwa mtindo huohuo? Kifungu cha 260 chasema kijana ni aliyefikisha miaka 18 lakini hajafikisha 35. Hakuna "18 hadi 34" wala "18 hadi 35". PostgreSQL, tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012, ina aina maalumu ya data ya kuhifadhi kipande kama hicho, na huandikwa [18,35): mabano ya mraba upande wa aliyemo, ya duara upande wa asiyekuwemo. Hata ukiiandikia [18,34] kwa nambari kamili, yenyewe itakugeuzia iwe [18,35).

Kifungu hichohicho chasema mtu mzima ni aliyefikisha 18. Kwa hiyo binti wa miaka 20 ni kijana na ni mtu mzima pia, kwa mpigo. Mzee ni aliyefikisha 60, naye pia bado ni mtu mzima. Kuanzia 35 hadi kabla ya 60 una jina moja tu, si kijana wala si mzee, na wengi wenu mnaosoma hapa mko humo. Sheria haina tabu na jambo hilo kwa sababu kila jina lina kazi yake. Hifadhidata ndiyo itakayosumbuka. Ukiyaweka madaraja hayo kwenye jedwali lake kisha uliunganishe na jedwali la watu, yule binti atatoka mara mbili, mstari mmoja kwa kila jina. Hesabu wakazi wa wadi kwa ulizo kama hilo na utapata watu zaidi ya waliopo. CASE isingefanya hivyo. Ingempa jina la kwanza na kumwacha hapo. Ni lipi sahihi? Inategemea umeulizwa nini, na aliyekuuliza mara nyingi hajalifikiria.

Mkataba wa Afrika wa Vijana wamwita kijana mtu wa 15 hadi 35. Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, 15 hadi 24. Mtoto wa miaka 16 wa Mwakirunge ni kijana kule na mtoto hapa. Na babu aliyefikisha 60 ni mzee kwa Katiba, ila posho ya wazee ya Inua Jamii humsubiri afikishe 70.

Je, wajua nyumba yaweza kubadilishwa daraja mara tatu bila kuongeza taa hata moja? Hii ya stima yafaa isomwe polepole. Julai 2018 daraja la chini la matumizi ya nyumbani, lile la bei nafuu, lilikomea uniti 10 kwa mwezi. Watu wakapiga kelele, na Novemba mwaka uohuo likapandishwa hadi uniti 100. Aprili 2023 likashushwa: sasa ni hadi 30, kisha 31 hadi 100, kisha zaidi ya 100. Chukua nyumba inayotumia uniti 40 kila mwezi. Julai 2018 iko nje ya daraja la chini. Novemba imo. Aprili 2023 iko nje tena. Feni ileile, friji ileile, taa zilezile.

Mwandishi wa ulizo aliyeichomeka 30 ndani ya CASE mwaka 2023, akaiendesha juu ya bili za 2019, atapata ripoti safi na ya uongo. Ndiyo sababu madaraja yanayopangwa na serikali hayafai kukaa ndani ya msimbo. Yawekwe kwenye jedwali lake: jina, chini, juu, na tarehe mbili, lini lilianza na lini lilikoma. Kisha bili huunganishwa na daraja kwa uniti na kwa tarehe. Bei ikibadilika unaongeza mistari, humwiti fundi wa programu. Na PostgreSQL unaweza kuiamuru ikatae madaraja mawili yanayopandana katika kipindi kimoja. Ikikataa inakataa hapohapo, kabla bili haijaenda kwa mtu.

Halafu hiyo 30 na 31. Mita ya tokeni husoma hadi desimali. Uniti 30 na nusu ni daraja gani? Rudi kwenye ile ya NHIF. Jibu ni lile lile, andika "zaidi ya 30" na usiandike "kuanzia 31". Kisha kuna wastani: daraja la mteja huangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu, na ukiwagawa watu kwa wastani, desimali hazikwepeki. 91 kugawa kwa 3 ni 30.33.

Je, wajua M-Pesa na kodi ya mshahara hutumia madaraja kwa namna mbili zisizofanana, na kwamba kuzichanganya ndiko kunakozaa zile hadithi za "nimeongezwa mshahara nikapata kidogo"?

M-Pesa huangalia kiasi chote kimeangukia wapi na kutoza ada moja. Kwa viwango vya Julai 2023, kutuma 501 hadi 1,000 ni shilingi 13. 1,001 hadi 1,500 ni shilingi 23. Ukivuka kwa shilingi moja, ada yaruka kwa shilingi 10. Sasa cheza nayo: kutuma 1,500 kwa mkupuo ni 23. Tuma 1,000 kisha 500, ni 13 na 7, jumla 20. Kutuma 3,500 ni 53, lakini 2,500 na kisha 1,000 ni 33 na 13, yaani 46. Usidhani kugawa hufaidisha daima, maana 5,000 kwa mara moja ni 57, na 2,500 mara mbili ni 66. Utasema shilingi 3 si kitu. Mwenye kumtumia mama kila wiki, karo kila muhula na michango ya harusi kila Ijumaa ana jibu lake.

Kodi ya PAYE haiendi hivyo. Shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10. 8,333 zinazofuata asilimia 25. Kutoka 32,333 hadi 500,000 asilimia 30. Hadi 800,000 asilimia 32.5, na zaidi ya hapo 35. Viwango viwili hivyo vya juu vililetwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Kila kipande cha mshahara hutozwa kwa daraja lake, si mshahara mzima. Mwenye mapato ya kutozwa kodi ya 24,000 anadaiwa 2,400, anapewa nafuu ya 2,400, hakatwi kitu. Wa 24,100 anakatwa shilingi 25. Si zaidi. Hajapoteza zile za chini.

Kwa ulizo, ya M-Pesa ni CASE au kuunganisha jedwali mara moja: mtu mmoja, daraja moja. Ya PAYE yataka mtu mmoja aunganishwe na madaraja yote aliyoyapita, upate LEAST(mapato, juu) utoe chini, uzidishe kwa kiwango, kisha ujumlishe kwa SUM. Hapo mtu kutoka mara mbili, kama yule binti wa miaka 20, si kosa; ndiyo hesabu yenyewe.

Je, wajua wakati mwingine tiba ya madaraja ni kuyafuta? Oktoba 2024 NHIF ilipoipisha bima mpya ya SHIF, yale madaraja 17 yalikwisha. Sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara, isipungue 300. CASE yote imegeuka GREATEST(300, mshahara * 0.0275). Aliyekuwa na mshahara wa 1,000,000 alikatwa 1,700 sawa na wa 100,000; sasa mmoja ni 27,500 na mwingine 2,750. Msimbo umefupika. Waliokatwa wana maoni yao.

Je, wajua madaraja ya mtihani wa Gredi ya 9, ule wa KJSEA uliofanywa mara ya kwanza 2025, hayana upana mmoja? Kuzidisha matarajio huanzia 75, na 90 hadi 100 ni ngazi yake ya juu. Kufikia matarajio ni 41 hadi 74, kukiwa na ngazi mbili zenye alama 17 kila moja: 58 hadi 74 na 41 hadi 57. Kukaribia ni 21 hadi 40, ngazi za alama kumikumi, na vivyo hivyo chini yake. Kwa hiyo ukiona wanafunzi wengi wamerundikana kwenye kufikia matarajio, kabla hujamsifu mwalimu mkuu kumbuka kwamba kapu lenyewe ni pana kuliko ya chini yake.

Kwenye KCSE nako, alama za jumla 46 katika masomo saba ni C+, daraja la kuingilia chuo kikuu. Alama 45 ni C.

Je, wajua kuna watu wengi mno wenye miaka 30 duniani? Katika sensa, wasiojua umri wao barabara hutaja nambari inayoishia na 0 au 5. Kuna kipimo cha kurundikana huko, cha Whipple: 100 maana yake hakuna upendeleo wowote, 500 maana yake kila mtu ametaja 0 au 5. Kipimo chenyewe kina madaraja: chini ya 105 data ni sahihi sana, 175 na zaidi ni mbovu mno. Watakwimu huwagawa watu kwa miaka mitanomitano ili kulainisha vilima hivyo, na husaidia, lakini si sana kama unavyodhani. Daraja la 30–34 huanza palepale kwenye kilima. Wa 28 na 29 waliojitaja 30 wamehama daraja, na 25–29 linabaki limekondeana pasipo mtu kufa wala kuhama.

Je, wajua njia ya mkato ya madaraja yenye upana sawa ni kugawa, kushusha na kuzidisha? FLOOR(umri / 5.0) * 5 humweka wa 33 kwenye 30, na hakuna CASE ya mistari ishirini. Hiyo .0 usiidharau. PostgreSQL ikipewa nambari kamili mbili hutupa desimali: 27 / 10 ni 2. MySQL hujibu 2.7. Na ikitupa desimali huzitupa kuelekea sufuri, basi -7 / 10 ni sufuri, na 7 / 10 ni sufuri. Katika daftari la mikopo la chama, ukigawa kwa elfu namna hiyo, mwenye deni la 700 na mwenye akiba ya 700 watakaa daraja moja.

Ipo pia WIDTH_BUCKET, unayoipa mwanzo, mwisho na idadi ya makapu, nayo ikaleta nambari ya kapu. Omba makapu 10 kutoka 0 hadi 50, kisha uipe 50 yenyewe: itajibu 11. Ncha ya juu haimo, na vilivyozidi hupewa kapu la ziada. Vilivyo chini ya mwanzo hupewa kapu 0.

NTILE ni mnyama mwingine. Hiyo hailinganishi upana, hulinganisha idadi ya watu. Utafiti wa Kenya wa afya na idadi ya watu wa 2022 uligawa watu kwa wazo hilo katika mafungu matano ya utajiri, kila fungu moja ya tano. Kwa hiyo fungu la mwisho haliwezi kupungua hata nchi nzima ikitajirika. Ni la mwisho kwa kulinganishwa na wenzake.

Je, wajua mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa utapiamlo kwa utepe wenye CASE iliyochorwa kwa rangi? Mzingo wa mkono chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni njano, 12.5 na zaidi ni kijani. Ncha ya chini imo, ya juu haimo.

Je, wajua hewa ileile ilikuwa "nzuri" mwaka 2023 na "ya wastani" mwaka 2024? Shirika la mazingira la Marekani lilishusha mpaka wa hewa nzuri, kwa vumbi laini la PM2.5, kutoka mikrogramu 12 kwa mita ya ujazo hadi 9. Programu nyingi za simu zinazoonyesha rangi za hewa hufuata madaraja hayo, kwa hiyo mwenye kulinganisha moshi wa jaa mwaka hadi mwaka alinganishe mikrogramu, si rangi.

Lugha ya SQL ilizaliwa IBM huko San Jose mwaka 1974 mikononi mwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce. CASE haikuwemo katika kiwango rasmi mpaka 1992.

Ni madaraja mangapi yatoshe? Herbert Sturges alipendekeza 1926: logi ya msingi wa 2 ya idadi ya vipimo, uongeze 1. Vipimo 1,000 vyataka madaraja 11, milioni moja 21 tu.

Je, wajua lebo hupangwa kialfabeti? Ziite '0–9', '10–19', '20–29' na '100+', na '100+' itajipenyeza kabla ya '20–29', kwa kuwa kwa herufi 1 hutangulia 2. Panga kwa MIN(umri), lebo ziachie macho.

Na daraja tupu je? GROUP BY hailionyeshi kabisa. Wadi isiyo na mkazi wa miaka 100 na zaidi haitatoa mstari wa sufuri. Haitatoa mstari wowote. Itakupasa uanze na jedwali la madaraja na kuwaunganisha watu kwa LEFT JOIN. Hapo hesabu kwa COUNT(watu.id), wala si COUNT(*), kwa sababu COUNT(*) huhesabu mistari, na daraja lisilo na mtu lina mstari mmoja, wenyewe. Utaandikiwa mkazi 1 mwenye miaka mia.